Wawili ukingo mmoja: kupiga picha za ndege wa maji Hombolo

Kwenye kompyuta yangu kuna picha mbili za ndege mmoja, zilizopigwa sekunde ileile, saa 12 na dakika 52 asubuhi, bwawani Hombolo, karibu na Dodoma. Moja ni yangu, nyingine ni ya Mwalimu, mwenzangu wa kupiga picha. Ndege mwenyewe ni yule korongo mdogo mweusi mwenye vidole vya njano, ambaye akitafuta samaki hukunjua mabawa yote mawili kuzunguka kichwa chake mpaka ncha zinagusa maji, akawa kama mwavuli uliosimikwa kwenye tope. Hukaa hivyo sekunde mbili tatu, akafunga, akapiga hatua, akafungua tena.

Katika picha yangu mwavuli umetimia, unyoya kwa unyoya, na maji yamepata rangi ya asali. Niliipenda papo hapo. Mwalimu alikuwa amelala kifudifudi hatua mbili kushoto kwangu, lenzi yake karibu iguse udongo. Katika picha yake kuna upenyo mwembamba kati ya manyoya na maji, na ndani ya upenyo huo, gizani, kuna jicho moja la njano linalotazama chini. Ndege yuleyule, sekunde ileile. Mimi nilipiga mwavuli, yeye alimpiga mwindaji.

Tumekuwa tukienda pamoja kwa miaka kadhaa sasa. Yeye ni mwalimu mstaafu, na mtaani kwetu Dodoma hakuna anayemwita kwa jina. Watu huniuliza kwa nini niende na mtu wakati ndege wanataka utulivu, na wawili ni kelele mara mbili. Ni kweli, ikiwa wawili hao hawajajipanga. Ninachotaka kueleza hapa ni jinsi tunavyojipanga, kwa sababu nimeona wapiga picha wengi wazuri wakiharibiana asubuhi nzima bila kujua.

Hombolo kwanza. Bwawa lilijengwa mwaka 1957, na ukitokea mjini unashika barabara ya Morogoro mpaka Ihumwa kisha unachepuka kushoto. Kwa mkoa unaopata mvua ya msimu mmoja tu, kati ya Desemba na Aprili hivi, maji yanayobaki mwaka mzima ni kama sumaku. Mvua zikikata na madimbwi ya porini yakikauka, ndege wanakuja huku: yangeyange, mnandi, kwarara, domomwiko, bata wa aina kadhaa, sepeto wanaotembea juu ya majani ya yungiyungi. Kuanzia Septemba wanaongezeka vitwitwi wanaotoka Ulaya na Asia, wengine wakiwa wamechoka na wamekonda. Maji yenyewe yana tope, rangi yake kama chai ya maziwa, na wapo wanaoilalamikia. Mimi naipenda. Kwa macho yangu, ndege mweupe juu yake hutokeza vizuri kuliko juu ya maji ya bluu.

Sasa jua na upepo. Hapa kwetu upepo wa kawaida hutoka mashariki, na asubuhi jua nalo linatoka huko huko. Ukikaa ukingo wa mashariki ukatazama magharibi, vyote viwili viko mgongoni mwako. Jua mgongoni kila mtu analijua. La upepo wengi hawalifikirii. Ndege huruka akielekea upepo unakotoka, na hutua hivyo hivyo, kwa sababu upepo wa mbele humpa nguvu ya kuinuka na humpunguzia mwendo anaposhuka. Kwa hiyo ukiwa na upepo mgongoni, kila ndege anayetua anakuja uso kwa uso na wewe, mabawa yamefunguka, kifua kimepata mwanga. Ukikaa upande wa pili utarudi nyumbani na mikia. Nilipoteza karibu msimu mzima ng'ambo ile, kwa kuwa ndiko kulikokuwa na kivuli kizuri cha mgunga, kabla Mwalimu hajaniuliza, "Mwanangu, hao ndege wote umewakosea nini mpaka wanakupa mgongo?"

Tukishafika tunakaa pamoja. Hili ndilo kosa kubwa la wapiga picha wawili: mmoja anazunguka huku, mwingine kule, ili kila mtu apate picha yake peke yake. Kwa ndege, watu wawili wanaokuja kutoka pande mbili ni mtego. Anaweza kumvumilia mtu mmoja aliye mbali kiasi akiwa na njia ya kuondokea. Mkimzibia njia hiyo anaruka, na akiruka yeye wanaruka wote. Tukikaa bega kwa bega, chini, tumekuwa umbo moja, na baada ya dakika ishirini hivi umbo hilo limekuwa sehemu ya ukingo.

Kazi tunagawana kwa lenzi. Mwalimu ana lenzi ya milimita 600, inayovuta karibu zaidi, anapiga sura: jicho, mdomo, tone la maji. Mimi natumia ya milimita 100 hadi 400, nachukua ndege na mahali alipo, pamoja na ng'ombe wanaokunywa nyuma na mtumbwi wa mvuvi wa perege. Hatushindani kwa sababu hatutafuti picha moja. Na kabla ya kutoka nyumbani tunalinganisha saa za kamera zetu, sekunde kwa sekunde. Inaonekana jambo dogo, ila ndilo lililonifundisha kuliko mafunzo yoyote ya kulipia. Jioni tukizipanga picha zetu kwa muda, naona alichokiona yeye wakati mimi nikitazama kitu kingine.

Maneno hatutumii. Kidole kimoja kwenye goti maana yake tazama kushoto. Kiganja chini maana yake acha kupiga, ndege ameanza kuwa na wasiwasi. Dalili zake ni za kujifunza: anaacha kula, shingo inarefuka, mwili unabana na kuwa mwembamba, anageuka kuelekea upepo. Korongo na jamaa zake mara nyingi hunya kabla ya kuruka. Ukiona hivyo na nia yako ni picha ya kuruka, kidole kiwe tayari. Kama nia yako ni abaki, umeshachelewa. Wa kwanza kuona dalili ni yule ambaye jicho lake haliko kwenye kamera, na ndiyo maana tunapokezana: mmoja anapiga, mwingine anatazama kwa macho tu, robo saa robo saa. Mara ya kwanza inauma kuweka kamera chini. Lakini wakati wa zamu yangu ya kutazama ndipo nilipomwona mdiria mweusi-mweupe akielea hewani mahali pamoja, kichwa hakitikisiki hata kidogo huku mabawa yakipiga kasi, mara tatu mfululizo juu ya maji yaleyale. Nikamgusa Mwalimu goti. Alipopiga mbizi mara ya nne, lenzi ilikuwa inamsubiri. Kwa mbizi ile kasi ya shata, yaani muda ambao kamera inafunguka kupokea mwanga, lazima ifike 1/3200 ya sekunde. Ndege aliyesimama 1/500 inatosha, anayeruka kawaida 1/2000.

Nifike kwenye mwanga, maana hapa ndipo maswali mengi yanakotoka. Kamera haijui rangi ya ndege. Inapima mwanga ikidhani kila kitu duniani ni kijivu cha wastani. Yangeyange mweupe akiwa mbele ya maji ya giza, kamera inaona giza jingi, inaongeza mwanga, na ndege anaungua: mahali palipokuwa na manyoya panabaki doa jeupe lisilo na kitu. Ukifika nyumbani huwezi kuyarejesha manyoya hayo, hata ukiwa na programu ya bei gani. Korongo mweusi mbele ya maji yanayong'aa ni kinyume chake: kamera inapunguza, na ndege anakuwa kivuli kitupu. Ushauri wa kawaida ni kufidia, yaani kuiamuru kamera kupunguza mwanga hatua moja (nusu ya mwanga) au moja na nusu kwa mweupe, kuongeza moja kwa mweusi. Unafanya kazi mpaka pale ndege hao wawili wanaposimama pamoja, au yangeyange anaporuka kutoka mbele ya matete meusi na kupita mbele ya anga. Ndege habadiliki, mwanga unaomwangukia ni uleule, kilichobadilika ni mandhari, lakini kamera inayopima yenyewe inabadilisha kila kitu.

Kwa hiyo mimi nimeacha kuiachia kamera. Napanga mwenyewe kwa mkono: shata, tundu la lenzi na ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga), nikipima kwa yangeyange aliye kwenye jua, nikihakikisha kwenye histogramu, ile grafu ya mwanga kwenye kioo cha kamera, kwamba weupe haujagonga ukuta wa kulia. Kisha siugusi mpangilio huo hadi jua lenyewe libadilike. Mweusi atatoka mweusi kidogo kuliko ninavyotaka, lakini nikipiga faili ghafi (RAW, picha ambayo kamera haijaichakata), gizani kuna habari nyingi za kufufua. Kwenye weupe ulioungua hakuna. Karibu na ikweta jua hupanda haraka, hivyo kati ya saa 12 na nusu na saa 2 na nusu narudia kupima kila baada ya dakika kumi. Mwalimu anapima yake, tunaonyeshana kwa vidole. Tukitofautiana, mmoja wetu amekosea, na tunajua palepale badala ya kujua jioni.

Baada ya saa 3 na nusu tunafunga. Si uvivu. Ardhi ya Dodoma ikishapata moto, hewa juu yake inacheza, yale mazigazi unayoyaona barabarani yako pia kati yako na ndege. Picha inakosa ukali, na mtu anaanza kulaumu lenzi yake, anaipeleka kwa fundi, anafikiria kununua nyingine. Lenzi haina tatizo. Sogea karibu, au rudi kesho alfajiri.

Kusogea karibu. Hapa nina jambo la kusema lililonikaa moyoni. Ilikuwa Machi, mvua zilikuwa nzuri, na nilikuwa nimemwona sepeto akirudi mara kwa mara sehemu moja ya majani ya yungiyungi. Sikumwambia Mwalimu. Nilivaa gambuti nikaingia kwenye maji ya kina kifupi, nikidhani nitapata picha ya miguu ile yenye vidole virefu ajabu. Ndege aliinuka akilia. Nilipotazama mbele yangu, juu ya kitanda cha majani yaliyolowa, nikaona mayai manne, ya kahawia yanayong'aa kama yamepakwa mafuta, na michirizi myeusi kama mtu aliyejaribu kalamu. Kiota hakina kivuli. Ndege huyo ndiye kivuli, na kwa sepeto ni dume: jike hutaga na kwenda zake, pengine kwa dume mwingine, na baba ndiye huatamia na kulea. Vifaranga wakiwa wadogo huwabeba chini ya mabawa, miguu yao ikining'inia nje. Jua la saa 3 asubuhi lilikuwa likipiga mayai yale moja kwa moja. Nikainua kamera. Nyuma yangu Mwalimu akasema kwa sauti ya kawaida, kwa mara ya kwanza siku hiyo, "Tuondoke." Hakuongeza neno. Tulirudi mpaka kwenye gari, tukatazama kwa darubini. Baba yule alikaa kwenye matete, akatembea, akasimama, akatembea. Ilimchukua dakika kumi na moja kurudi juu ya mayai.

Picha ya mayai yale sina, na tangu siku ile sisogei hata hatua moja wakati wa kuzaliana bila wote wawili kukubaliana. Mmoja akisema hapana, ni hapana. Isitoshe, maji ya kina kifupi yaliyotulia, yenye konokono, ndiyo maji ya kichocho, na gambuti iliyoingiwa na maji haikusaidii kitu.

Mahali pengine nitapataja kwa ufupi. Bahi, magharibi ya Dodoma, mbuga inajaa maji ya Mto Bubu mvua zikiwa nzuri, na majaruba ya mpunga huvuta kwarara na yangeyange wengi. Mwaka wa ukame utakuta ardhi imepasuka, basi uliza kwanza. Singida, Ziwa Singidani na Kindai yako mjini kabisa, maji ya magadi, na heroe (flamingo) wakiwepo huna haja ya kwenda mbali. Bwawa la Mtera lina mwari na furukombe, na pia viboko na mamba, hivyo kulala kifudifudi ukingoni kama alivyozoea Mwalimu ni marufuku.

Popote mnapokwenda, salimieni watu kwanza. Mwalimu hawapiti wavuvi wala wachungaji bila "Mbukwenyi!" yake, salamu ya Kigogo, na wakishaitikia anakaa nao kidogo kabla hata ya kufungua begi. Mvuvi anayefika pale kila siku anajua kwarara wanalala mti gani na bata wameingia lini. Yule korongo mweusi hatukumgundua sisi. Kijana mmoja aliyekuwa akitega kambale alituambia kuna ndege "anayejifunika shuka kama ana homa", akatuelekeza kwa mdomo, kule kwenye kona yenye matete mafupi. Tulikwenda asubuhi mbili hatukumwona. Asubuhi ya tatu Mwalimu alikuwa zamu ya kutazama, akaweka kidole kwenye goti langu, kisha taratibu akalala chini.