Kuziacha Dawa za Maumivu za Jamii ya Afyuni kwa Usalama

Mgonjwa aliyetumia mofini, kodeini, tramadoli au oksikodoni kwa majuma kadhaa baada ya upasuaji au ajali hufika siku ambayo maumivu yamepungua na yeye mwenyewe amechoka kumeza vidonge. Wengi hukata shauri la kuziacha siku hiyo hiyo, na kufikia kesho yake jioni wanatetemeka, wanatokwa na jasho na kamasi, tumbo linawasokota na usingizi umewaruka. Wakirudia kidonge kimoja, hali inatulia muda si mrefu, nao wanaamini ama kwamba ugonjwa wao haujapona ama kwamba wamekuwa waraibu. Mara nyingi imani zote mbili si sahihi.

Dawa za jamii ya afyuni hushika vipokezi, yaani sehemu za seli zinazopokea ujumbe wa kemikali, vilivyomo katika ubongo, uti wa mgongo na matumbo. Pamoja na kutuliza maumivu, huzipunguzia kasi seli za shina la ubongo zinazotoa noradrenalini, kemikali inayouweka mwili macho na katika hali ya tahadhari. Seli hizo, zikigandamizwa siku nyingi, hujiongezea nguvu ili zifanye kazi yake licha ya dawa. Dawa ikiondolewa ghafla, nguvu ile ya ziada hubaki bila kizuizi: moyo huenda mbio, mboni za macho hupanuka, vinyweleo husimama, miayo haikomi, na utumbo uliokuwa umezubaishwa na dawa huamka kwa kuharisha. Hali hii ndiyo inayoitwa arosto mitaani, na ingawa jina hilo limezoeleka zaidi kwa watumiaji wa heroini, mwili hautofautishi kati ya dawa iliyoandikwa na daktari na ile iliyonunuliwa kichochoroni.

Kupatwa na dalili hizo ni ushahidi wa utegemezi wa mwili, jambo linaloweza kumfika yeyote anayetumia dawa hizi kila siku kwa muda wa kutosha, hata akifuata maelekezo yote. Uraibu ni kitu kingine: ni kuitamani dawa na kuendelea kuitafuta hata pale inapomharibia mtu kazi, nyumba na afya. Tunasisitiza tofauti hii kwa sababu aibu huwafanya wagonjwa wengi wajifiche na kupambana peke yao, na anayepambana peke yake ndiye huacha ghafla.

Kwa dawa zisizodumu sana mwilini, dalili huanza kati ya saa 8 na 24 baada ya dozi ya mwisho na huchukua siku 4 hadi 10. Kwa zinazodumu, kama methadoni, huchelewa zaidi na huweza kufika siku 20. Aliyetumia dawa kwa siku chache tu kwa kawaida huweza kuacha bila taabu. Kwa aliyezitumia kwa miezi, mwendo ni suala zito. Mwezi Aprili 2019, Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilitoa tahadhari baada ya kupokea taarifa za wagonjwa waliokatiwa dawa ghafla wakapatwa na mateso makali, na baadhi yao wakajiua. Kwa waliokwisha kuwa na utegemezi, ilishauri kwamba punguzo kwa jumla lisizidi asilimia 10 hadi 25 kila baada ya majuma 2 hadi 4. Mwongozo mwingine wa Marekani wa mwaka 2022 unawataja waliotumia mwaka mzima au zaidi, na kwao unaona asilimia 10 kwa mwezi, au pungufu ya hapo, kuwa mwendo unaovumilika zaidi.

Hesabu ya asilimia hizo ina mtego. Mtu anayetumia miligramu 100 kwa siku akipunguza 10 kila hatua, hatua ya kwanza humwondolea sehemu moja ya kumi, lakini kushuka kutoka 20 hadi 10 humwondolea nusu nzima ya dozi yake. Ndiyo maana wengi huteremka vizuri wakakwama karibu na mwisho, wakadhani wamepungukiwa na ujasiri. Ni afadhali kila punguzo likokotolewe kutokana na dozi ya wakati ule: 100, kisha 90, kisha 81, na kuendelea. Kusimama kwa majuma kadhaa kwenye dozi moja hakuhesabiwi kuwa kushindwa.

Mpango huo upangwe na daktari au mfamasia, kwa kuwa vidonge vinavyotoa dawa polepole havipaswi kusagwa wala kutafunwa, na bandiko la fentanili, dawa ya jamii hii inayopenya kupitia ngozi, halikatwi kwa mkasi. Kufanya hivyo huweza kumwaga dozi nzima mwilini kwa mkupuo. Mjamzito asiguse dozi bila ushauri, maana arosto huweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Mgonjwa wa saratani mwenye maumivu makali, kwa maoni yetu, hana sababu ya kuharakishwa.

Maumivu yakiongezeka njiani, yachunguzwe kabla ya kurudisha dozi juu. Yanayotokana na arosto husambaa kwenye mifupa na misuli ya mwili mzima, huja pamoja na jasho na miayo, na kwa kawaida hupungua baada ya siku kadhaa. Maumivu ya ugonjwa wenyewe hubaki mahali pake. Klonidini hutuliza jasho na mtetemo, ila hushusha shinikizo la damu. Loperamidi hufunga kuharisha, lakini ikizidishwa huvuruga mapigo ya moyo. Pombe na diazepamu zisitumiwe kujitafutia usingizi, kwani zikichanganyika na dawa hizi hudidimiza pumzi. Anayeshindwa kushuka hata taratibu aulizie buprenofini au methadoni, dawa za jamii hii zinazotumiwa kutibu utegemezi, ambazo Shirika la Afya Duniani liliziingiza katika orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2005.

Hatari kubwa kuliko zote huja baada ya dalili kuisha. Mwili uliokwisha kuisahau dawa hauwezi tena kustahimili dozi ya zamani, na anayeirudia usiku mmoja wa maumivu anaweza kuacha kupumua usingizini. Vidonge vilivyobaki virudishwe kwa mfamasia, na wa nyumbani wazijue ishara: mboni zilizosinyaa kama ncha ya sindano, midomo ya rangi ya buluu, pumzi za nadra, mtu asiyeamshika. Naloksoni, dawa inayozuia nguvu ya afyuni, huweza kumzindua kwa dakika chache, lakini nguvu yake huisha baada ya dakika 30 hadi 90, pengine kabla ya dawa iliyomlaza. Kwa hiyo hata akiamka na kusema hajambo, apelekwe hospitali.