Marka mbili na upana wa bendi: yanayodhaniwa na yaliyo kweli

Dhana ninayoisikia mara nyingi kwa mafundi wa redio hapa Goma ni kwamba kwenye skrini ya kichanganuzi cha spektra, kifaa kinachochora nguvu ya mawimbi kwa kila masafa, ukiweka marka moja (alama ya kupimia) kwenye ubavu wa kushoto wa mawimbi na nyingine kwenye ubavu wa kulia, tofauti ya masafa kati yake ndiyo upana wa bendi, yaani eneo la masafa ambalo mawimbi hayo huchukua. Ukweli ni kwamba tofauti hiyo haina maana mpaka useme umeteremka kiasi gani kutoka kileleni. Desibeli 3 chini ya kilele ndipo nguvu inapobaki nusu, na kipimo hicho kinafaa kwa vichujio. Kwa matangazo ya FM hakifai, kwa sababu kilele chenyewe hakitulii mtangazaji anapozungumza. Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU, linatumia upana unaokaliwa: kwa kawaida asilimia 0.5 ya nguvu yote huachwa chini ya mpaka wa kwanza na asilimia 0.5 juu ya mpaka wa pili, hivyo asilimia 99 hubaki katikati. Hapo kifaa hujumlisha nguvu ya kila nukta. Jicho haliwezi kufanya hesabu hiyo.

Dhana ya pili ndiyo yenye madhara makubwa zaidi, nayo ni kuamini kwamba umbo linaloonekana kwenye skrini ni la mawimbi pekee. Kichanganuzi cha spektra hutazama masafa kupitia kichujio chake cha ndani, ambacho upana wake huandikwa RBW, na kila kinachochorwa hubeba umbo la kichujio hicho. Chukua wimbi safi lisilobebeshwa sauti, weka RBW ya kilohezi 10, kisha pima desibeli 3 chini ya kilele: utapata takriban kilohezi 10. Punguza RBW iwe kilohezi 1, nawe utapata takriban kilohezi 1, ilhali transmita haikuguswa. Ulichokipima ni kifaa chako mwenyewe. Kwa hiyo RBW inapaswa kuwa ndogo sana kuliko upana unaotafutwa, na kwa upana unaokaliwa wengi huchagua kati ya asilimia 1 na 5 ya upana huo. Tena, ukiipunguza usiharakishe mfagio wa kifaa, yaani mwendo wake wa kupita masafa kutoka mwanzo hadi mwisho, kwani kichujio chembamba huchelewa kuitikia, na kilele hushuka na kusogea mahali pasipo pake.

Wapo pia wanaosema kwamba kituo cha FM chenye mchepuko (umbali ambao masafa husogea kutoka katikati, kila upande) wa kilohezi 75 kinachukua kilohezi 150 tu. Kanuni ya Carson, inayokadiria upana wa bendi ya FM, huongeza kwenye mchepuko masafa ya juu kabisa ya sauti kabla ya kuzidisha kwa mbili: kwa sauti ya mono ya kilohezi 15 ni kilohezi 180, na kwa stirio inayofika kilohezi 53 ni 256.

Mwisho, mabega mapana kando ya kilele kwenye skrini si lazima yawe kosa la kituo jirani, hasa katika mji huu ambako antena yako hupokea vituo vya hapa pamoja na vya Gisenyi, ng'ambo ya mpaka nchini Rwanda, baadhi vikiwa na nguvu nyingi. Huenda kichanganuzi kimezidiwa. Kabla ya kumlaumu yeyote, ongeza desibeli 10 za upunguzaji kwenye mlango wa kifaa: mawimbi ya kweli yatabaki kwenye kiwango kilekile, kwa kuwa kifaa hufidia, lakini yaliyozaliwa ndani yake yatashuka.