Je, wajua kwa nini soksi ya Waviking haifumuki?

Kati ya mwaka 1976 na 1981, wanaakiolojia walichimba eneo la Coppergate katika mji wa York, Uingereza. Udongo wa pale umejaa maji na hauna hewa, kwa hiyo vitu ambavyo kwa kawaida huoza, kama mbao, ngozi na nguo, vilidumu ndani yake kwa takriban miaka elfu moja. Miongoni mwa vilivyofukuliwa ni soksi moja ya sufu ya karne ya 10, enzi ya Waviking, yaani mabaharia wa kale wa Skandinavia waliohamia huko, ambayo leo huoneshwa katika Jorvik Viking Centre mjini humo. Vikundi vinavyoigiza maisha ya Zama za Kati, kama Society for Creative Anachronism iliyoanzia Berkeley, California, mwaka 1966, huwa na wanachama wanaofundishana kutengeneza soksi za namna hiyo, na karibu kila anayekuja kujifunza huuliza ilifumwaje.

Mimi mwenyewe niliuliza hivyo, nikiwa na hakika kwamba ilifumwa kwa sindano ndefu, kama akina mama wanavyofuma sweta za watoto wachanga. Jibu ni kwamba haikufumwa kabisa. Ufumaji wa sindano ndefu ulikuja baadaye: vielelezo vyake vya kale vinavyojulikana ni soksi za pamba kutoka Misri, za kati ya karne ya 11 na ya 14, zenye mapambo ya buluu na nyeupe. Barani Ulaya, mito iliyofumwa ilipatikana katika kaburi la mwanamfalme Fernando de la Cerda, aliyefariki mwaka 1275 na kuzikwa katika monasteri ya Las Huelgas, Burgos, Hispania. Soksi ya York ilikuwa imekwisha kuvaliwa na kuchakaa zamani kabla ya mito hiyo.

Kosa hili halikuwa la wanafunzi peke yao. Kipande cha nguo kilichopatikana Dura-Europos, Syria, mji ulioangamia katika karne ya 3, kiliwahi kuandikwa na wataalamu kuwa ni kitu kilichofumwa. Soksi nyekundu za Misri zilizomo katika makumbusho ya Victoria and Albert, London, ambazo kidole gumba kimetengwa na vingine ili mtu aweze kuvaa ndara, nazo huonekana machoni kama zimefumwa. Mwaka 1972 Dorothy Burnham, wa makumbusho ya Royal Ontario nchini Kanada, alichapisha uchunguzi ulioeleza kwamba vitu vya aina hiyo vilitengenezwa kwa njia nyingine, ya kale zaidi. Uso wa kitambaa unadanganya, kwa sababu aina mojawapo ya mishono ya njia hiyo hufanana mno na ufumaji wa vitanzi vilivyosokotwa.

Waskandinavia huiita njia hiyo nålebinding, yaani kufunga kwa sindano. Sindano yake ni moja, fupi na bapa, ya mfupa au mti, yenye tundu kubwa. Anayeijua shazia ya kushonea magunia hataiona ngeni.

Ili kuelewa tofauti, tazama mfuko wa unga ulioshonwa mdomo kwa mashine. Ukiupata uzi wenyewe na kuuvuta kutoka upande unaofaa, mshono wote huachia kwa mkupuo mmoja. Ufumaji nao uko hivyo. Kinachopitishwa ndani ya kitanzi ni mkunjo wa uzi tu, wala si ncha yake. Mkunjo huo huwa kitanzi kipya, nacho hushikiliwa na kinachokifuata. Hakuna kitanzi kilichofungwa, kila kimoja kinamsubiri mwenzake. Kiswahili kinalisema jambo hili kwa mzizi mmoja: kinachofumwa hufumuliwa.

Sasa tazama gunia lililoshonwa kwa mkono. Shazia huingia na kutokea upande wa pili ikiburuta uzi mzima mpaka mwisho. Ukiivuta ncha iliyobaki, unazidi kukaza. Nålebinding ni hivyo hivyo, ila hapa hakuna gunia. Uzi unashonwa ndani ya vitanzi vyake wenyewe, na kila kipya hupenya vilivyotangulia, mara nyingi viwili au zaidi kwa mpigo. Kisigino kikitoboka, tundu hubaki tundu, halikimbii kuelekea kifundoni.

Kwa kuwa uzi mzima lazima upite, hauwezi kutoka kwenye bunda. Hukatwa kiasi cha pima moja, na ukiisha huungwa kwa namna inayopendeza kuitazama: ncha mbili hufumuliwa nyuzinyuzi, hulowanishwa kwa maji au mate, hulazwa moja juu ya nyingine, kisha husuguliwa viganjani mpaka joto na msuguano vizishikamanishe. Sufu ina magamba madogo yanayong'ang'aniana. Nyuzi za plastiki hazina, nazo hazikubali.

Mahali pamoja panahitaji tahadhari. Wanaoigiza historia hushikilia vitanzi kwenye kidole gumba, kama walivyofanya watengenezaji wa glavu wa Skandinavia na Ufini ambao kwao kazi hii iliendelea hadi karne ya 20. Soksi ya York inaonesha njia uliyopita uzi, lakini haioneshi mkono ulishikaje, kwa maana mishiko tofauti huzaa mshono uleule. Tena, ndiyo soksi pekee ya namna hii ya enzi ya Waviking iliyopatikana Uingereza, na soksi moja haitoshi kusema kila mtu wa York alivaa hivyo.

Katika mafunzo, mwanafunzi huketi ubavuni pa mwalimu, kwa sababu wakitazamana, kulia hugeuka kushoto. Hupewa sufu nene na kutengeneza kwanza mkufu mrefu wa vitanzi usio na kazi yoyote, mpaka kidole gumba kizoee ukubwa mmoja. Hapewi soksi siku ya kwanza, kwa kuwa kosa lililoingia humo halivutwi likatoka. Itabidi sindano irudishwe kitanzi kwa kitanzi, kwa njia ileile uzi ulikopita.