Nelson hakuwahi kufunika jicho lake

Wengi humchora Admirali Horatio Nelson wa Uingereza akiwa na kitambaa cheusi jichoni, mithili ya haramia. Sivyo alivyokuwa. Ni kweli jicho lake la kulia lilipoteza nuru mwaka 1794, katika mapigano ya Calvi, kisiwani Corsica, kombora lilipotua karibu na kumrushia mchanga na mawe usoni. Lakini jicho halikutoboka. Kwa nje lilionekana karibu la kawaida, basi afiche nini? Alichotumia ni kikinga-jua kwenye kofia yake, tena kwa ajili ya kulinda lile jicho zima. Mkono wa kulia ndio uliokatwa, kisiwani Tenerife, Hispania, mwaka 1797. Sanamu yake ya Trafalgar Square, London, ina mkono mmoja tu. Kitambaa jichoni hakuna.