Kitabu cha picha cha kuchekesha ni nini?

Ni kitabu cha watoto wadogo, hasa wale ambao bado wanasomewa, chenye maneno machache na picha zinazojaza ukurasa, ambacho kicheko chake hutokea pale maneno na picha vinapokataa kusema jambo moja. Hicho kipande cha mwisho ndicho husahaulika. Wengi hudhani inatosha kumchora tembo kavaa suruali. Tembo huyo huchekesha mara moja. Siku ya pili ni tembo tu.

Kisichanganywe na kitabu chenye picha, yaani hadithi iliyopambwa kwa michoro. Huko ukiondoa michoro, hadithi inabaki nzima. Huku ukiondoa picha, mzaha wote umekwenda nazo.

Mfano mzuri ni Rosie's Walk cha Pat Hutchins, kilichotoka 1968. Maandishi yake yote ni sentensi moja ya maneno 32 ya Kiingereza: kuku anatoka kutembea, anazunguka shambani, anarudi nyumbani kabla ya chakula cha jioni. Basi. Kwenye picha, lakini, kuna mbweha anayemnyemelea tangu mwanzo, na maandishi hayamtaji hata mara moja. Anaruka amkamate, anakanyaga reki, mpini unamtwanga usoni. Anajaribu tena: chubwi, yumo bwawani. Kuku wala hageuki. Mtu mzima anasoma kwa utulivu habari za matembezi, huku mtoto aliye kando yake anapiga kelele, "Yuko nyuma!" Asiyejua kusoma ndiye anayejua mengi kuliko msomaji, tena kuliko kuku mwenyewe. Kwa mtu ambaye kutwa nzima anaelekezwa avae nini na anyamaze lini, hiyo si raha ndogo.

Chombo kingine cha mzaha ni kufunua ukurasa. Mchekeshaji jukwaani hunyamaza kidogo kabla ya neno la mwisho. Kitabu hunyamaza wakati karatasi inafunuliwa. Ndiyo maana sentensi huachwa inaning'inia mwisho wa ukurasa wa kulia: "Akafungua mlango polepole, na..." Nafasi hizo si nyingi. Vitabu vingi vya aina hii vina kurasa 32, kwa kuwa karatasi kubwa ya mtambo wa chapa hukunjwa kuwa mafungu ya kurasa 8 au 16. Ukitoa kurasa za jina na za haki za mchapishaji, mwandishi hana pa kutapanya.

Lakini mtoto anacheka nini hasa? Mwandishi wa Urusi Kornei Chukovsky alisimulia jinsi binti yake, kabla hajatimiza miaka 2, alivyomjia akiwa amejaa uchokozi, akamwambia kwamba mbwa hulia nyau. Chukovsky akaona kwamba mtoto huanza kuipindua dunia akishakuwa na hakika imesimama vipi. Asiyejua mlio wa mbwa hatacheka, ataamini. Kwa hiyo kofia iliyovaliwa mguuni humtosha wa miaka 2, ilhali wa miaka 6 ataitazama kofia hiyo kwa huruma. Yeye anataka mhusika anayesema uongo wakati picha inamuumbua.

Sauti nazo zina kazi yake, maana kitabu hiki huishi mdomoni mwa anayesoma. Pu! Chubwi! Tanakali moja iliyokaa mahali pake huzidi aya nzima ya maelezo.

Vinavyoharibika huharibika kwa njia zinazofahamika. Kuna vile ambavyo mzaha wake unamlenga mzazi, na mtoto anabaki kumtazama mtu mzima anayecheka peke yake. Kuna vile vinavyoandika "mbweha akaanguka, ikawa kichekesho kikubwa", vikimnyang'anya mtoto kazi ya kugundua. Vibaya zaidi, kwa maoni yangu, ni vile ambavyo baada ya vituko vyote, ukurasa wa mwisho sungura anakumbuka kunawa mikono. Mtoto hunusa hotuba kwa mbali.

Kilichofaulu utakijua kwa jinsi kinavyorudiwa. Mtu mzima huchoka mara ya tatu. Mtoto, mara ya ishirini, huanza kucheka ukurasa mmoja kabla mbweha hajaanguka, na ukijaribu kuruka kurasa mbili ili mlale mapema, atakurudisha.