Sili Mpya Mara Tatu: Dhana Potofu Kuhusu Beringi za Nyuma za Pikapu Kuukuu

Hilux yangu ni ya mwaka 1994, dizeli ya 2.8, na kazi yake ni kutoa mpunga mashambani huku Ifakara. Msimu mmoja ilibadilishwa sili ya nyuma kushoto, ule mpira unaozuia oili isitoke kwenye ekseli, mara tatu. Kila mara nililipa, nikarudi kazini, na baada ya wiki chache nikaikuta rimu imelowa tena. Fundi wa kwanza alilaumu sili. Wa pili alilaumu sili iliyofungwa na wa kwanza. Hakuna aliyeuliza ni nini kinachoziua hizo sili, na swali hilo ndilo lililonifanya nianze kuchunguza mambo tunayoambiana gereji kuhusu ekseli ya nyuma.

"Oili ikionekana kwenye rimu, sili imekufa. Weka mpya, basi."

Hii ndiyo dhana iliyonila hela, kwa hiyo nitakaa nayo.

Sili ni mdomo wa mpira unaolala juu ya chuma kinachozunguka. Ikianza kuvuja, mara nyingi kuna kitu kingine kilichoishinda. Anza juu ya ekseli kabla hujagusa gurudumu: pale kuna kipumulio kidogo cha difu, lile boksi la gia katikati ya ekseli. Difu ikipata moto, hewa iliyo ndani hutanuka na kutokea hapo. Kipumulio kikizibwa na tope, hewa hiyo hutafuta njia nyingine, na njia rahisi ni kwenye sili. Ubaya wake ni wa pande mbili. Ukiingia kwenye maji difu ikiwa ya moto, inapoa ghafla na kuvuta maji ndani kupitia sili hizohizo. Oili ikigeuka rangi ya maziwa, maji yameshaingia. Cha kwangu kilikuwa kimeziba kabisa kwa udongo mweusi wa mashamba ya mpunga.

La pili ni hafshafti yenyewe, ule mti wa chuma unaotoka kwenye difu kwenda kuzungusha gurudumu. Baada ya miaka mingi, mdomo wa sili huchimba mfereji mwembamba kwenye chuma. Pitisha kucha. Ikikwama, sili mpya ikikaa palepale itavuja hata kama ni ya bei ghali kuliko zote. Hapo hafshafti inahitaji kuvalishwa bushi nyembamba ya chuma mahali pa mdomo, au uweke nyingine.

La tatu ni beringi iliyolegea. Hafshafti ikicheza, mdomo wa sili hauwezi kuifuata. Inua gari, shika tairi juu na chini, litikise. Kwenye Hilux ya aina hii usikubali mchezo unaousikia mkononi. Na kabla ya kuinua, weka vizuizi magurudumu ya mbele: breki ya mkono inashika ya nyuma, kwa hiyo nyuma ikishanyanyuka haishiki kitu. Gari likae juu ya stendi, usilitegemeze kwa jeki peke yake.

Kuna kosa dogo jingine linalosahaulika. Mtu anajaza oili ya difu upande mmoja ukiwa umenyanyuliwa, halafu anashangaa inamwagika. Kipimo cha "jaza mpaka ifike kwenye tundu" ni sahihi gari likiwa limesimama sawasawa tu.

"Ule unyevu ndani ya dramu ni oili ya difu, hakuna kingine."

Inawezekana ni silinda ya breki. Oili ya difu ni nzito na ina harufu kali ya salfa. Mafuta ya breki ni mepesi na hubabua rangi ya gari. Dakika moja ya kunusa na kusugua kati ya vidole inakuokoa usifungue ekseli bure.

"Breki shuu zilizolowa zioshe kwa petroli, zitarudi."

Hazirudi. Oili imeshazama ndani ya lainingi, ule utando wa shuu unaosugua dramu, na dramu ikipata moto hupanda tena juu. Upande mmoja unashika, mwingine unateleza, na gari linavuta pembeni ukiwa na mzigo na mtu mbele yako. Badilisha shuu zote za ekseli hiyo, kushoto na kulia. Kwenye hili sina nafasi ya kubembeleza.

"Mvumo wa nyuma ni difu."

Wapo waliobadilisha difu nzima na mvumo ukabaki. Sikiliza kwanza. Mvumo wa difu kwa kawaida hubadilika unapokanyaga na unapoachia mafuta. Wa tairi hubadilika ukitoka lami kuingia vumbi. Wa beringi hufuata mwendo wa gari, na mara nyingi hupanda au kushuka unapokata kona, kwa sababu uzito umehama upande. Hakuna kati ya hizi inayotosha peke yake, lakini ukizijaribu zote tatu utakuwa na pa kuanzia.

"Kutoa beringi ya nyuma lazima difu ishushwe."

Kwenye Hilux hizi, hapana. Unafungua bomba la breki na kebo ya breki ya mkono, unatoa nati nne nyuma ya bamba la breki, lile linalobeba shuu, na hafshafti inatoka na bamba lake. Ukimaliza, toa hewa kwenye breki. Dhana hii nadhani imetokana na magari ambayo hafshafti zake zimeshikwa kwa klipu ndani ya difu, kama pikapu nyingi za Kimarekani. Hayo ni kweli lazima uyafungue katikati.

"Beringi ni ya kugongelea kwa nyundo, na kola ikilegea piga weldingi kidogo."

Hapa naomba nisikilizwe vizuri.

Kwenye ekseli ya aina hii, hafshafti inafanya kazi mbili: inazungusha gurudumu na inabeba uzito wa gari. Land Cruiser pikapu za 75 na 79 ni tofauti. Uzito wao umekaa kwenye habu, na hata ukichomoa hafshafti gurudumu linabaki. Kwako wewe mwenye Hilux, kinachozuia gurudumu lisitoke nje pamoja na hafshafti yake ni beringi na kola, yaani ringi ya chuma iliyobanwa kwa presi kwenye hafshafti kuishikilia beringi, na baadhi ya matoleo huongezewa klipu ya duara. Kola ikiteleza, gurudumu linaondoka.

Kwa hiyo kola ya zamani hairudishwi. Inakatwa kiasi kwa grenda, inamaliziwa kwa tindo, na anayekata awe makini asiuguse mwili wa hafshafti. Weldingi hufanya chuma cha hafshafti kiwe cha kuvunjika pale pembeni ya mshono, na umeme wake ukipita kwenye beringi unaunguza gololi na njia zake. Nyundo nayo: nguvu ikipigwa kwenye ringi ya nje, inapita kwenye gololi na kuacha makovu. Beringi inakuwa mpya kwenye boksi na mbovu barabarani. Presi isukume ringi ya ndani, ile inayoshika hafshafti.

Usiichemshe pia kwa mwali wa gesi. Beringi yenye sili zake haitakiwi kuzidi nyuzi joto 80, vinginevyo grisi yake inaharibika.

"Beringi bado nzuri, badilisha sili tu."

Beringi hii hulainishwa na grisi, si oili ya difu. Sili ya ndani ikishindwa, oili inaingia na kuiosha ile grisi. Kama beringi imeshaogeshwa namna hiyo, na hafshafti ipo nje mkononi mwako, weka mpya pamoja na sili zote mbili, ya ndani na ya nje. Upande wa pili, ukiwa haulii, hauchezi na hauvuji, uache.

Wakati wa kurudisha, paka grisi kwenye mdomo wa sili na ibebe hafshafti kwa mikono miwili. Meno ya hafshafti yakiburuzwa juu ya mpira, umeshaikata sili kabla gari halijashuka chini. Mimi huendesha kama kilomita 20 bila mzigo, kisha nasogeza kiganja karibu na dramu zote mbili kulinganisha joto, na siku inayofuata natazama nyuma ya bamba kwa tochi.