Mikrobaiolojia: maneno ya mtaani Kigoma na hali ilivyo chuoni

Kila matokeo ya kidato cha sita yakitoka, wadogo zangu wa Kigoma waliosoma PCB (fizikia, kemia na baiolojia) na CBG (kemia, baiolojia na jiografia) hunijia na swali la shahada ya mikrobaiolojia. Wengi huwa wameshajazwa maneno.

"Ukimaliza tu, hospitali inakuchukua maabara."

Hili ndilo linaloniuma, maana linamgharimu mtoto miaka na mzazi fedha za dagaa. Kupima damu na makohozi ya wagonjwa ni taaluma yenye usajili wake, chini ya Baraza la Wataalamu wa Maabara za Afya. Njia yake ni kusomea sayansi ya maabara za afya, kama inavyofundishwa Muhimbili. Mikrobaiolojia inayotolewa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ni sayansi ya vijidudu vyenyewe: jinsi vinavyoishi, vinavyorithishana jeni na vinavyofanya kazi kwenye udongo, maji, chakula na viwanda. Utaviotesha, utavipaka rangi ya Gram (inayogawa bakteria makundi mawili), utavihesabu. Kama moyo wako uko kwa wagonjwa, amua kabla ya kujaza maombi. Mwaka wa pili umechelewa.

"Onasi ni ya vipanga, tena inaongeza mwaka."

Mwaka wa nyongeza wa onasi (honours) ni utaratibu wa Afrika Kusini: shahada ya miaka 3, kisha mwaka 1 wa onasi wenye utafiti. Kwetu neno hilo linahusu daraja la ufaulu. Kwenye kipimo cha 5, GPA (wastani wa alama zako zote) ya 4.4 kwenda juu ni daraja la kwanza, 3.5 hadi 4.3 ni la pili la juu, na 2.7 hadi 3.4 ni la pili la chini. Hesabu inaanza muhula wa kwanza, kwa hiyo ripoti ya maabara uliyoiandika hovyo ukiwa bado mgeni chuoni inakufuata. Wala usiichanganye na shahada ya heshima, anayotunukiwa mtu bila kukaa darasani.

"Bakteria ni uchafu."

Mtindi unaokunywa ni kazi yao.

"Kigoma elimu hiyo haina pa kutumika."

Mwaka 2015 kipindupindu kililipuka kijiji cha Kagunga, kando ya Ziwa Tanganyika, miongoni mwa wakimbizi waliotoka Burundi. Tatizo lilikuwa maji, na maji ni somo letu. Ajira za serikali ni chache, sikufichi. Lakini mambo ya kuchunguza yametuzunguka. Nenda mwaloni Kibirizi asubuhi uone dagaa walioanikwa mchangani na walioanikwa kwenye chanja. Chukua sampuli pande zote mbili, otesha, linganisha idadi ya bakteria wa kinyesi. Huo ni utafiti mzuri wa mwaka wa mwisho, na mama anayewaanika atakusikiliza ukimletea majibu.